Mazuku si upepo: majina ya Kiswahili na moto wa chini ya ardhi katika bonde la Kivu

1. Utangulizi

Kati ya Goma na mji mdogo wa Sake, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, pana barabara ya kilomita zipatazo 25 inayopita juu ya mawe meusi ya lava. Upande mmoja ni ziwa. Upande wa pili zimesimama volkano mbili zilizo hai, Nyiragongo na Nyamulagira. Mgeni apitaye hapo kwa gari, kwa miguu au akisukuma chukudu iliyosheheni makaa huona mashamba, nyumba za mbao na vichaka vya kijani. Haoni hatari. Hata hivyo, katika mashimo na mabonde madogo yaliyo kando ya barabara hiyo hufa ndege, mbwa, mbuzi, na mara nyingine watu, bila jeraha wala alama ya moto. Wenyeji wana neno moja kwa jambo hilo: mazuku.

Makala haya yanaeleza mambo matatu ambayo moto wa chini ya ardhi huyaleta juu katika bonde hili, yaani maji ya moto, mazuku, na gesi zilizofungwa katika vilindi vya ziwa. Maelezo yataanzia kwenye majina, kwa sababu majina hayo ndiyo ramani ya kwanza ambayo mgeni hupewa. Hoja kuu ni kwamba majina ya wenyeji hubeba maarifa ya kweli juu ya mahali. Lakini fasiri moja iliyozoeleka ya neno mazuku, ile isemayo kwamba ni "upepo mbaya", imebeba kosa, na kosa hilo laweza kumgharimu mtu uhai wake.

Inafaa kukumbuka pia mgeni wa bonde hili ni nani. Vitabu vya safari humfikiria mtalii apandaye Nyiragongo, au mwanasayansi mwenye vipimo vyake. Lakini wageni walio wengi zaidi wamekuwa watu waliokimbia vita. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kubwa juu ya lava hiyo, Mugunga ikiwa mojawapo. Tangu mwaka 2022 hadi Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mamia ya maelfu ya watu kutoka Masisi na Rutshuru walijenga vibanda vyao kati ya Goma na Sake. Mtu wa namna hiyo hachagui mahali pa kulala kwa kusoma ramani ya wanajiolojia. Humwuliza mwenyeji, na mwenyeji humjibu kwa neno.

2. Bonde na milima yake

Ziwa Kivu limelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, pamoja na maziwa Albert, Edward na Tanganyika. Hapa gamba la dunia linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, kwa milimita chache kila mwaka. Mwendo huo ni mdogo, lakini umedumu kwa mamilioni ya miaka. Gamba limekuwa jembamba, limepasuka, na katika nyufa zake mwamba ulioyeyuka hupata njia ya kupanda.

Milima iliyozaliwa na nyufa hizo huitwa Virunga. Neno hili latokana na ibirunga, ambalo kwa Kinyarwanda ni wingi wa ikirunga, yaani volkano. Kwa hiyo asemaye "volkano za Virunga" husema jambo lile lile mara mbili, kama asemavyo mtu "mto wa mto". Kwa wageni waliochora ramani neno hilo lilikuwa jina tu. Kwa wenye lugha lilikuwa tangu mwanzo maelezo ya milima hiyo ni milima ya namna gani.

Milima hiyo ndiyo iliyolifanya ziwa liwe kama lilivyo. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Lava na majivu vilijenga boma kukatiza bonde, maji yakapanda nyuma yake, na miaka ipatayo 10,000 iliyopita yakapata njia mpya ya kusini, ambayo leo ni mto Ruzizi uendao Tanganyika.

Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, una kileleni kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, ambamo mara nyingi limekuwamo ziwa la lava inayotokota. Lava yake ni nyepesi mno na hutiririka upesi. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa hilo likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Kwenye miteremko mikali kasi ya lava ilikadiriwa kuwa makumi ya kilomita kwa saa. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma, ikaharibu sehemu ipatayo asilimia 13 ya mji, ikawaacha watu wapatao 120,000 bila makao, kisha ikamalizikia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama kwenye viunga vya mji. Nyamulagira, wenye kimo cha mita 3,058, hulipuka mara nyingi zaidi, ila lava yake kwa kawaida huishia porini. Katika mlipuko wa miaka 1938 hadi 1940 ilifika hata hivyo hadi ziwani, karibu na Sake.

Milipuko hiyo yajulikana duniani kote, kwa sababu huonekana. Mambo yatakayoelezwa sasa huonekana kidogo, au hayaonekani kabisa.

3. Maji ya moto

Jambo la kwanza ndilo lililo jepesi kulijua: maji yatokayo ardhini yakiwa ya moto. Mvua inyeshayo juu ya milima hupenya katika nyufa, hushuka hadi penye mwamba wenye joto kali, kisha hurudi juu kwa njia nyingine, ikiwa imeyeyusha chumvi na gesi njiani. Mahali inapotokea ni chemchemi ya maji ya moto.

Kaskazini mwa volkano, katika eneo la Rutshuru ndani ya Hifadhi ya Virunga, zipo chemchemi ambazo ramani huziita May-ya-Moto. Maji yake hukaribia kiwango cha kuchemka. Kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa, karibu na Katana, zipo chemchemi za Kankule. Na upande wa Rwanda, kusini mwa Gisenyi, zipo zile za Nyamyumba, ukingoni kabisa mwa ziwa, ambako watu huenda kuoga kwa ajili ya maumivu ya viungo.

Jina May-ya-Moto lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, laonyesha matamshi ya Kongo: maji yamekuwa mayi, na aliyeandika ramani akaandika alivyosikia kwa tahajia ya Kifaransa. Pili, si jina la pekee. Nchini Tanzania, kando ya Ziwa Manyara, pana Maji Moto. Nchini Kenya, katika eneo la Narok, pana Maji Moto vile vile. Mahali hapo pote pamo katika matawi mawili ya Bonde lile lile la Ufa. Wapagazi, wafanyabiashara na wenyeji waliopita huko hawakuwa na nadharia ya mapande ya dunia yanayoachana, lakini lugha yao ya pamoja iliweka alama ile ile kila ilipokutana na jambo lile lile. Mtu akiyaunganisha majina hayo kwenye ramani kwa kalamu, atakuwa amechora sehemu ya Bonde la Ufa.

Ujoto huu umewahi pia kufanyishwa kazi katika nchi ya Kongo. Huko Kiabukwa, Katanga, mbali na volkano lakini katika ufa ulio ndugu wa ufa wa Kivu, mtambo mdogo wa kilowati zipatazo 220 ulijengwa mwaka 1952 ili kuutolea mgodi umeme kwa maji yenye joto la nyuzi 91. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Haukudumu, lakini ulithibitisha kwamba jambo hilo lawezekana.

Hatari ya maji ya moto hujitangaza yenyewe. Mvuke huonekana, joto husikika kabla mkono haujafika, na jina lina neno moto ndani yake. Mtoto akiambiwa "mayi ya moto" haulizi zaidi. Kwa hiyo hapa jina na jambo vinakubaliana. Katika jambo la pili hali ni tofauti.

4. Mazuku

4.1 Jambo lenyewe

Mazuku ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, itokayo chini ya ardhi kwa kupitia nyufa, mapango na mifereji iliyoachwa na lava. Haina rangi wala moshi. Haina harufu ya kumwonya mtu. Huwa na uzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, na uzito huo ndio ufunguo wa mambo yote. Kitu kizito hushuka na kutuama. Hewa ya ukaa hujaa katika shimo kama maji yajaavyo katika bakuli: huwa na kina, na huwa na uso wake wa juu, ingawa jicho haliuoni.

Katika hewa tuvutayo kila siku, hewa ya ukaa haizidi sana asilimia 0.04. Ikifika asilimia chache, mtu huanza kuhema na kuumwa kichwa. Ikipita asilimia 10, huzimia kwa muda wa dakika chache. Ikifika asilimia 30, pumzi chache tu zatosha kumwangusha. Kati ya Goma na Sake, na hasa kandokando ya Lac Vert na Mugunga, yapo mashimo ambamo asilimia 10 hupitwa kwa mbali.

Kutokana na uzito huo, mambo manne hufuata. La kwanza, mfupi hufa kabla ya mrefu. Mtu mzima aweza kusimama katika shimo kichwa chake kikiwa juu ya uso wa gesi, huku mtoto aliyemshika mkono, au mbuzi aliyemfunga kamba, amezama ndani yake. La pili, aliyesimama akiwa salama aweza kufa akiinama kuokota kuni, akikaa kupumzika, au akilala. La tatu, usiku na alfajiri ni saa mbaya, kwa kuwa hewa imetulia na gesi hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, gesi huchanganyika na hewa na kupungua. Shimo lililokuwa salama adhuhuri jana si lazima liwe salama alfajiri leo. La nne, mwokoaji hufuata njia ya aliyeanguka. Amwonaye ndugu yake amelala shimoni hushuka mbio, huinama ili kumwinua, na kwa kuinama huvuta gesi ile ile. Hivyo shimo moja laweza kuua watu wawili au watatu mahali pa mmoja.

Wako wanaotumia mshumaa au taa ya moto kupima shimo. Moto ukizimika, hapana shaka kwamba mahali hapo pana hatari. Lakini moto usipozimika, hilo si ushahidi wa usalama, kwa maana mwali huendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari yamdhuru mtu. Alama zilizo bora zaidi ni zile ambazo wenyeji huzitazama bila kutumia kifaa chochote: wadudu waliokufa, ndege au nyoka aliyelala bila jeraha, na mahali ambapo wachungaji hawapeleki mifugo yao.

4.2 Neno lenyewe

Neno mazuku limepata bahati isiyo ya kawaida. Wanajiolojia wa Ulaya na Marekani waandikao kwa Kifaransa na Kiingereza hawakulitafutia tafsiri, bali wamelichukua jinsi lilivyo, na leo hutumika katika maandishi ya kitaalamu hata juu ya mahali palipo mbali na Kongo. Katika safari hiyo limebadilika kidogo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, umbo lake laelekea ngeli ya ma-, na husemwa "mazuku yameua mbuzi". Wageni wameliona kuwa neno zima lisilogawanyika, wakasema "mazuku moja", na wengine wakaongeza alama ya wingi ya lugha zao mwishoni. Neno likisafiri, ngeli zake hubaki nyumbani.

Juu ya maana, maandishi hayo hurudia karibu yote fasiri moja: mazuku ni "upepo mbaya". Wasomaji wengine huongeza kwamba neno lafanana na kuzuka na mzuka, yaani kutokea ghafla na kiumbe kitokeacho ghafla. Mfanano wa sauti peke yake si hoja katika elimu ya asili ya maneno. Lililo muhimu zaidi ni namna fasiri inavyoelekeza akili ya anayeisikia.

Katika Kiswahili, hewa na upepo si kitu kimoja. Hewa ipo popote, hata ikiwa imetulia. Upepo ni hewa iendayo. Upepo huvuma, huja, hupita, huleta na huondoa. Anayeambiwa kwamba mahali fulani pana upepo mbaya atafanya yale ambayo mtu mwenye busara hufanya mbele ya upepo: atatafuta mahali palipositirika, atashuka bondeni, atajificha nyuma ya ukuta wa mawe, atalala chini. Kila tendo kati ya hayo lampeleka kwenye mazuku. Na siku ambayo majani hayatikisiki atajiona salama, hali siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Upepo ni rafiki wa mtu katika jambo hili, kwa kuwa ndio uitawanyao gesi.

Pana tatizo la pili, nalo limo ndani ya neno upepo lenyewe. Wingi wake ni pepo, na pepo ni pia kiumbe asiyeonekana ambaye humwingia mtu na kumdhuru. Kutoka "upepo mbaya" hadi "pepo mbaya" hakuna safari ndefu. Mtoto aliyekutwa amekufa bila jeraha, mahali ambapo jana walicheza wenzake, tayari ni fumbo; maneno yakilisukuma fumbo hilo upande wa pepo, ndugu wataanza kumtafuta aliyemtuma. Hapo shimo litasahauliwa na jirani atashtakiwa. Kesho yake mtoto mwingine atacheza shimoni pale pale.

Lugha ya Kiswahili ina chombo kilicho bora zaidi, nacho ni viambishi vyake vitatu vya mahali. Pa- hutaja mahali panapojulikana hasa, ku- hutaja upande au mahali pasipo mipaka, mu- hutaja ndani. Upepo huja kutoka huko. Mazuku yamo humu. Anayesema "Humu shimoni mna mazuku" ameeleza kwa silabi moja yale ambayo mtaalamu huyaeleza kwa mchoro: kwamba jambo lina mahali pake, kwamba mahali hapo pana ndani na nje, na kwamba aliye nje na juu yu salama. Badala ya "upepo mbaya", fasiri ifaayo ni "hewa nzito ituamayo mashimoni". Ni ndefu zaidi, lakini kila neno lake ni la kweli, na kila neno lamwambia mtu la kufanya.

5. Ziwa lenye gesi

Jambo la tatu ni ziwa lenyewe. Kivu lina eneo la kilomita mraba zipatazo 2,400, na kina chake hufikia mita 485. Kwa anayelitazama kutoka Goma au Bukavu ni ziwa tulivu na zuri, lisilo na mamba. Wavuvi hutoka usiku na taa zao kutafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini sambaza huishi katika tabaka la juu tu, lenye kina cha mita zipatazo 60. Chini ya hapo hakuna hewa ya kuwaweka hai.

Sababu ni kwamba maji ya Kivu yamepangwa kwa matabaka yasiyochanganyika. Chemchemi zilizo chini ya ziwa, baadhi zikiwa na maji ya moto yenye chumvi, huingiza humo maji mazito yanayobaki vilindini. Ndiyo maana, kinyume cha maziwa mengi, maji ya chini kabisa ya Kivu yana joto kidogo kuliko yale yaliyo katikati: chumvi na gesi huyafanya yawe mazito hata yakiwa na joto. Katika vilindi hivyo, kwa muda wa karne nyingi, gesi zimejikusanya zikiwa zimeyeyuka ndani ya maji. Makadirio ni kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa, itokayo kwa sehemu kubwa katika moto wa chini ya ardhi, na kilomita za ujazo 60 za methani, itengenezwayo na vijidudu vya vilindini.

Gesi hizo zimeshikwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, kama gesi ya kinywaji ishikwavyo na kifuniko cha chupa. Mfano wa hatari yake ulionekana Kamerun. Tarehe 15 Agosti 1984 Ziwa Monoun lilitoa gesi na kuua watu 37. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, Ziwa Nyos lilitoa wingu la hewa ya ukaa lililoteremka mabondeni hadi kilomita 25, likaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Gesi ile ni ile ile ya mazuku, na ilienda kwa kanuni ile ile: ilishuka, ikafuata mabonde, ikatuama. Nyos ni ziwa dogo. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa zaidi ya mara elfu moja, na zaidi ya watu milioni 2 huishi kando yake.

Haifai hata hivyo kumtisha msomaji kupita kiasi. Vipimo vyaonyesha kwamba vilindini gesi imefikia karibu nusu tu ya kiwango ambacho kingeifanya itoke yenyewe kwa mapovu. Lava iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikuyavuruga matabaka ya chini. Mwaka 2021, mwamba ulioyeyuka ulipojipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, wakuu waliamuru tarehe 27 Mei kwamba wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, na ziwa lilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Ziwa lilibaki tulivu. Mahali pa kuangaliwa kwa karibu zaidi ni ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ambayo imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha maji mafupi, na ambamo maji yenye gesi nyingi huanza katika kina cha mita kama 11 tu.

Methani, kwa upande wake, ni mali. Upande wa Rwanda, mtambo mdogo wa Cap Rubona ulianza kuitoa mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia, na mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Kuitoa gesi kwa uangalifu hupunguza hatari na huleta umeme. Hivyo moto ule ule uuao shimoni Mugunga waweza kuwasha taa mjini, kwa sharti kwamba walio kando ya ziwa waelezwe kinachofanyika, na waelezwe kwa lugha wanayoisikia.

6. Kuonya kwa Kiswahili

Onyo lisiloeleweka si onyo. Tuchukue matamko mawili yaliyotungwa hapa kwa mfano. La kwanza: "Tahadhari. Eneo hili lina mkusanyiko wa kabonidayoksaidi unaozidi kiwango kinachokubalika." La pili: "Humu mna mazuku. Usishuke. Mtoto asicheze humu. Ukiona mtu ameanguka, usimfuate: ita watu, leteni kamba."

Tamko la kwanza ni sahihi, na mwanakemia ataliridhia. Lakini halisemi mahali ni wapi ("eneo" laweza kuwa shimo au wilaya nzima), halimtaji anayetishwa, wala halimwambii afanye nini. Tamko la pili lina neno ambalo mwenyeji humwambia mgeni, lina kiambishi cha mahali palipo ndani, na kila sentensi yake ni tendo. Sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani zaidi, kwa kuwa yapinga jambo ambalo moyo wa mtu humwamuru. Kumwambia mama asimfuate mtoto wake ni neno gumu. Ndiyo sababu lazima lisemwe mapema, shuleni na kanisani, kabla ya siku yenyewe. Afaaye kushuka ni mwenye hewa yake mwenyewe kifuani kwa kifaa. Wengine wote na wavute kwa kamba wakiwa wamesimama juu.

Kwa anayefika bonde hili, awe mtalii, mtafiti au mkimbizi, maagizo yaweza kufupishwa hivi. Amwulize mwenyeji kwa neno lenyewe: "Mazuku yako wapi hapa?" Asijenge wala asilale mahali palipo chini kuliko pande zake zote. Asiingie shimo, pango au ghuba ndogo iliyotulia alfajiri, kwa kuwa gesi huweza kulala hata juu ya uso wa maji. Mtoto abebwe, asiburutwe kwa mkono, penye mashaka. Baada ya mlipuko, asivuke lava inayopoa: mwaka 2021 baadhi ya watu waliofanya hivyo walikufa kwa kukosa hewa, ingawa lava ilikuwa imekwisha kusimama.

7. Hitimisho

Majina matatu yameongoza maelezo haya. Virunga limesema wazi kwamba milima hii ni ya moto. Maji ya moto limeweka alama ile ile kutoka Manyara hadi Rutshuru. Mazuku limehifadhi maarifa ambayo sayansi iliyakuta yakiwa tayari yametajwa, hata ikalazimika kuliazima neno hilo badala ya kuunda lake.

Kazi ya wanaoshughulika na Kiswahili katika Kongo ni kulipa neno hili fasiri inayolifaa, katika kamusi, katika vitabu vya shule na kwenye mbao za onyo. Fasiri ya "upepo mbaya" iliingia maandishini kwa sababu ilipendeza masikioni mwa wageni, kisha ikarudiwa. Mtoto wa Sake hahitaji neno la kupendeza. Ahitaji kujua kwamba mazuku ni hewa nzito, kwamba imo humu shimoni, na kwamba siku isiyo na upepo asishuke.